Pilipili na Boksi Lisilofunguliwa

Kazini walimwita Pilipili, na jina halikumwonea. Kazi yake ilikuwa kuandaa vichupa vya kukagulia mashine za hospitali: alichukua virusi vya homa ya ini vilivyokwisha kuuawa, akapima kiasi cha vinasaba vyake kwa njia zaidi ya moja mpaka majibu yakubaliane, ndipo akajaza vichupa na kuvigandisha. Mashine ikisoma kichupa sawasawa, basi iaminiwe na damu ya mtu.

Mdogo wake aliambiwa na hospitali kubwa kuwa virusi havionekani tena. Akaacha dawa. Haukupita muda, macho yakawa manjano na tumbo likafura. Pilipili mwenyewe aliipima damu ya mdogo wake. Virusi tele!

Mkuu wake alijaribu kumtuliza. "Pilipili usiyoila yakuwashiani, dada? Hospitali ina wenyewe."

"Hii nimeila, bosi. Yule ni wa tumbo moja na mimi."

Msimamizi wa maabara ya hospitali alimpokea kwa tabasamu. "Mashine yetu mpya kabisa, dada. Haikosei."

"Vichupa vyangu nilivyowaletea vilisemaje?"

Pilipili akafungua friza. Boksi lake lilikuwa chini kabisa, utepe haujaguswa, limelaliwa na chupa za maji ya kunywa.

"Pima. Nikiona."

Alikataa kiti, akakataa na chai. Mashine ikatoa jibu: hakuna virusi.

"Labda vichupa vimeharibika," msimamizi akasema.

"Nilijua utasema hivyo!" Akatoa kingine kwenye barafu aliyokuja nayo. "Hiki kimetoka kwangu leo, na kwangu kimesomeka. Haya, pima!"

Hakuna virusi.

"Ni wangapi mmewaambia wamepona?"

Msimamizi akavuta daftari la majibu, akaanza kuhesabu.

Mashine ilizimwa, wagonjwa wakaitwa upya. Simu nyingine zilipokelewa na wafiwa.

Mdogo wake alirudishiwa dawa, lakini ini lilikwisha kuingia makovu. "Yaliyopita si ndwele, dada," alimwambia akiwa kitandani.

"Si ndwele kwa nani? Aliyelala hapo ni nani, mimi?"

Mgonjwa akacheka, akashika ubavu. Pilipili hakucheka. Siku hizi hampi dereva boksi apeleke hospitali. Hulipeleka mwenyewe, akasimama mlangoni mwa maabara amekunja uso, na haondoki mpaka wapime.