Kisu cha Tangulia

Kaka yangu ni mbishi, na mimi nimezaliwa tumbo moja naye, kwa hiyo mnaweza kukisia wenyewe safari yetu ya dukani ilivyokuwa. Tangu tunatoka mlangoni alikuwa ananifukuza nirudi. "Mtu anakwenda kununua kisu tu, unamsindikiza kama bibi harusi?" Nikamwambia atembee, huo mdomo aubakize wa kupatana bei na muuzaji.

Wenzake kazini wanamwita Tangulia. Anaongoza watu wanaopanda milima kwa miguu, mabegi mgongoni, na miaka yote ya kazi hiyo hajawahi kutembea nyuma ya mtu. Mimi niko kampuni hiyohiyo, ila cherehani yangu iko chumba cha nyuma: nashona mabegi yaliyochanika, nabadilisha zipu za mahema, naziba matundu ya maturubai. Yeye ndiye aliyeniombea kazi hiyo. Yeye ndiye aliyenilea, tukisema ukweli, maana baba alipoondoka alituachia mama mgonjwa na ahadi nyingi. Kwa hiyo mkinisikia namgombeza, simgombezi mtu baki.

Aliyenituma ni wifi yangu. Alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Mwenzangu, mume wangu amemaliza maduka yote ya mji anatafuta kisu, na kile cha zamani kipo kwenye droo, kizima kabisa. Nenda naye. Kuna kitu ananificha." Wifi yangu si mtu wa kuzusha mambo, ndiyo maana nilifunga mdomo wangu nikavaa viatu.

Duka lilikuwa jembamba, limejaa kamba, majiko madogo ya gesi na viatu vinavyonuka mpira mpya. Muuzaji, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitandaza kitambaa juu ya kioo, akapanga visu vya kukunja, akaanza somo lake.

"Wa milimani hahitaji kisu kirefu. Ubapa wa urefu wa kidole cha kati unatosha, kukata kamba, kukata mkate. Kizito utakitukana ukifika katikati ya mlima. Hiki chuma chake hakishiki kutu hata kilale kwenye jasho, ila kukinoa ni shughuli. Hiki hapa kutu kinashika, lakini unakinoa kwa jiwe lolote la njiani. La muhimu kiwe na kizuizi. Kisu cha kukunja kisicho na kizuizi, ubapa ukirudi ghafla, vidole huna."

Mimi nilikipenda chenye mpini wa mbao. Kaka akakichukua, akakigeuzageuza, akaingiza ukucha wa gumba kwenye kale kamfereji ka kuvutia ubapa. Mara akakirudisha. "Kigumu." Akachukua kingine. "Kinateleza." Cha tatu akasema rangi yake mbaya. Rangi! Mtu aliyevaa soksi zisizofanana tangu asubuhi.

"Kaka, unachagua kisu au unachagua mchumba?"

Muuzaji akacheka. Kaka hakucheka, na kwa utani yule hajambo siku zote. Hapo ndipo nikaacha kuangalia visu nikaangalia mkono wake.

Gumba la kulia lilikuwa limelala juu ya mpini. Ameuma meno, mshipa wa shingo umemtoka, bega zima limepanda juu kwa kujikaza, na gumba limelala tu, halina habari.

"Mkono una nini?" nikauliza.

"Hauna kitu."

"Basi kunjua hicho."

"Hebu acha kunidhalilisha mbele za watu!"

Muuzaji alikuwa mtu wa haya. Aliinama chini ya kaunta kana kwamba kuna kitu kimemdondoka, akaibuka na kisu kingine, chenye springi. Ukikigusa kitufe chake kwa ubavu wa kidole, ubapa unaruka wenyewe na kukaa imara. Akampa kaka. Tak! Uso wa kaka ukarudi mahali pake. Muuzaji akakipokea, akakikunja, akampa tena. Tak! Akakipokea, akakikunja.

"Hiki," kaka akasema. "Hiki ndicho."

Tulipotoka nilimvuta shati hadi kando ya kibanda cha fundi viatu. Nilikuwa nimewaka, sikujali nani anasikia. Nikamwambia sema, la sivyo tutalala hapa. Akasema. Mkono ulianza wakati wa mvua. Usiku unawaka moto kuanzia kiwiko, asubuhi umekufa ganzi. Siku nyingine unarudi, siku nyingine haurudi.

"Hospitali umekwenda?"

"Nikaambiwe nipumzike? Nikipumzika, watoto wangu watakula upepo?"

Sasa niwaeleze kilichompeleka kwenye springi. Jumamosi alikuwa anapeleka wageni njia ya korongo, ile ambayo kuna mahali mnapita ukutani mwa mwamba mmeshika kamba. Kabla ya njia hiyo tuna ukaguzi, na mkuu wa safari zetu, tunayemwita Meja ingawa jeshi halijui hata kwa kulisikia, hana mchezo na ukaguzi. Kila kiongozi anawasha tochi, anapiga filimbi, halafu anakunjua na kukunja kisu chake kwa mkono mmoja, kulia kisha kushoto, kwa sababu hujui siku ya siku ni mkono upi utakuwa umeshika mtu. Anayeshindwa hapandi. Kaka hakuwa anatafuta kisu cha kutumia mlimani. Alikuwa anatafuta kisu cha kumpiga Meja chenga.

"Na mgeni akiteleza?" nikamuuliza. "Utamdaka kwa nini, kwa meno?"

"Nina wa kushoto."

"Na kamba utaishika na nini?"

Akageukia nyundo ya fundi viatu.

"Mwambie Meja leo," nikasema. "Usipomwambia, namwambia mimi."

"Niachie ukaguzi tu. Nikishindwa pale, nitasema mwenyewe."

"Na ukipita kwa hiyo springi, mimi nakwenda mezani kwake dakika ileile. Unichukie ukitaka."

Hakukasirika, na heri angekasirika. "Dada yangu," akasema, "ile kazi ndiyo mimi. Ukiniondoa pale, umeondoa nini kikabaki?" Jamani, nililia njia nzima nikisingizia vumbi.

Ijumaa mchana tulikuwa uani nyuma ya ofisi, mabegi yamepangwa juu ya turubai. Nilitoka na sindano yangu mkononi, nikijidai natafuta begi lenye mshono mbovu. Zamu ya kaka ikafika. Tochi, sawa. Filimbi, sawa.

"Kulia! Kunjua!"

Tak! Wenzake wakashangilia. "Heee! Tangulia kaleta kisu cha sinema!" Nami nilifurahi, sitadanganya, nilifurahi kama mtoto. Kisha nikakumbuka kwamba sasa ilikuwa ni juu yangu kwenda kwenye meza ya Meja.

"Kunja," akasema Meja, macho tayari yako kwa mtu anayefuata.

Kukikunja kile kisu ilibidi usukume kibati cha ndani kwa gumba, ukisukume hasa, ndipo ubapa uachie. Nilipigwa na butwaa. Kule dukani kila mara aliyekikunja alikuwa muuzaji, na tangu hapo kilikuwa hakijatoka mfukoni. Sisi wawili, na ubishi wetu wote, hakuna aliyewaza kwamba kitu kikishafunguka kinatakiwa kurudi.

Kaka akajaribu. Akakigandamiza kisu kwenye paja. Akakigeuza. Mmoja akatania, "Kimekataa kulala hicho, kiimbie!" Wakacheka, halafu kicheko kikaanza kupungua, huyu akanyamaza, yule akanyamaza, hadi tukawa tunasikia pumzi za kaka. Nikapiga hatua nikamsaidie. Meja akainua kiganja bila kunitazama.

"Fundi, mwache."

Kaka akashusha mkono. "Meja, gumba halinisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

Meja akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Hupandi kesho," akasema kwa upole ambao sikuujua anao. Kaka akakubali kwa kichwa. Alikuwa ametimiza ahadi yake kwangu, na mimi nikashusha pumzi nikidhani baya limeshapita, kilichobaki ni kumpeleka nyumbani kwa mke wake na kesho yake hospitali.

Ndipo akasogea binti mmoja wa kikosi chao, kiongozi mdogo kuliko wote, tunamwita Sindano kwa wembamba wake. Mvua zilipokuwa zinaishia, huyu aliteleza palepale kwenye korongo, akaning'inia, na kaka akamdaka. Habari ile kila mtu anaijua. Mama yake alikuja hadi kwenye ua huu akamshika kaka magoti akilia, akisema hajui amlipe nini.

"Kaka Tangulia," Sindano akasema, "siku ile ulinishika kwa mkono upi?"

"Kushoto nilikuwa na kamba."

"Sikukuuliza kamba."

Kaka akainua mkono wa kulia, na kile kisu bado kiko wazi kiganjani. "Huu."

"Ulikuwa mzima?"

Nilimwomba Mungu adanganye. Kaka yangu anajua kudanganya, ametudanganya nyumba nzima miezi hiyo yote.

"Nilikuwa siusikii," akasema. "Sikujua kama nimekushika. Nilikuwa nakuangalia tu, naona bado upo."

Sindano akakaa chini, palepale juu ya mabegi.