Kidude cha Marinda

Enzi za vijiji vya Ujamaa, pale Ndagoni, kila mwenye swali kuhusu cherehani ya kijiji alimwendea Biasha, naye alijibu kwa madaha. Kisha Arafa akabuni kidude cha kutia marinda, akakifunga kwenye cherehani ile ile. Wivu ukamla Biasha.

"Da Biasha, kidude hiki hutumiwaje?" Mwanahija aliuliza.

"Tia uzi, kanyaga pedeli," alijibu, jibu lake la siku zote, ilhali Arafa alikuwa barazani, wa kuitwa tu.

Mwanahija akakanyaga. Gauni la Idi la bintiye likasokotana, likachanika. Akaangua kilio.

Biasha akaona haya. Tangu hapo, akiulizwa habari za marinda, husema, "Muulize Arafa mwenyewe." Husema huku ameuma meno, kisha hugeuza uso asione wanawake wakimzunguka mwenzake.