Ngoma ya Nyoka Mbele ya Mama Mkwe

Mtoto wetu, miezi minane, alikuwa hataki kabisa kubadilishwa nepi. Ukimlaza chali anageuka, ukimgeuza anatambaa na mavi yake kuelekea kwenye pazia. Ukimshika miguu, jirani anauliza kama tunamchinja. Mimi shule niliishia kidato cha pili, na mpaka hapo somo hilo lilikuwa halijafika.

Mchana zamu ilikuwa yangu. Mke wangu alikuwa amerudi kwenye biashara yake sokoni, na kazi yangu ya ulinzi ni ya usiku. Habari hiyo mama mkwe, kule Misungwi, haikumwingia. Mwanaume na nepi wapi na wapi? Alishasema atakuja kuangalia, na akikuta mjukuu hatunzwi vizuri anaondoka naye. Yule mama akisema anabeba, anabeba.

Dawa niliigundua mwenyewe. Nimekulia jirani na Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma, wachezaji wa ngoma wenye chatu shingoni nimewaona tangu mdogo. Basi nikawa navua mkanda, nauzungusha shingoni kama nyoka, nakata kiuno. Mtoto anatulia tuli, mdomo wazi. Hapo ndipo unafuta, unapaka mafuta, unafunga.

Tatizo, suruali yangu bila mkanda haina msimamo.

Siku hiyo ngoma ilikuwa imekolea, nepi safi nimeing'ata, suruali iko magotini, mlango wazi tupate hewa. Mtoto akaacha kunitazama mimi, akatazama nyuma yangu. Nikageuka. Mama mkwe.

Kwetu Wasukuma, mama mkwe hata kula mbele yake ni aibu. Mimi nilimpokea na bukta yenye tundu. Shikamoo ilinitoka nepi ikiwa bado mdomoni. Alijifunika khanga usoni, akageukia ukuta, akaongea na mjukuu.

"Mwambie baba yako avae."

Nikapandisha suruali nikakimbilia nyuma ya nyumba, natamani ziwa lipande mpaka kwetu mlimani linizoe. Ndani nikamsikia anabembeleza, halafu anafoka, halafu kilio, halafu beseni likaanguka. Nikajua basi, atasema mtoto nimemharibu, kesho analala Misungwi.

Sauti ikatoka dirishani, ya chini.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako aje acheze. Bibi haangalii."

Nikaingia. Nikacheza, mkono mmoja umeshika suruali, jasho linanitiririka kama nimepakia mifuko ya dagaa. Yeye khanga ilikuwa imeshuka mpaka puani, macho kwenye nepi tu. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Sikuthubutu kujua kwa nini.

Jioni aliondoka peke yake. Mlangoni akamwinamia mtoto niliyempakata.

"Mwambie baba yako utabaki hapa. Ila kwenye harusi ya mama yako mdogo, akae viti vya nyuma kabisa, na asiinuke."

Nikamnong'oneza mtoto, macho chini, amwambie bibi nimesikia.