Mchi juu ya Dari ya Mreno

Jumamosi nilikaa sakafuni jikoni naponda steki kwa kinu na mchi, kama tulivyozoea Unguja, maana nilitamani kupika ule mkate wa Kireno wenye steki katikati unaouzwa hapa mtaani kwetu Kilburn, ughaibuni. Nikasahau kuwa sakafu yangu ni dari ya mtu. Mlango ukagongwa. Mzee Mreno wa chini! Nikajua huyu atatushitaki kwa mwenye nyumba, tutolewe na mtoto mchanga.

“Mama, unabomoa nyumba?”

“Samahani mzee, ni nyama tu, napika mkate wenu.”

Akanusa. Kipande cha kwanza kilikuwa kikaangoni na kitunguu thomu. “Umetia mvinyo?”

“Sisi hatutumii. Nimetia ndimu.”

“Ndimu!” Akashika kichwa. Nikachovya mkate kwenye rojo, nikabana nyama, nikampa. Akauma, akafumba macho, akatafuna taratibu mpaka nikataka kulia.

“Laini,” akasema. “Marehemu mke wangu alikuwa akiponda kwa ngumi.” Akachungulia kinuni. “Na kipande hicho cha nani?”

Kilikuwa cha mume wangu. Nikakikaanga, nikampa.

Hakutushitaki; sasa naponda nitakavyo. Mume siku ile alikula mayai, na wasomaji wanaume wasinune: tumbo la mume lina subira kuliko mwenye nyumba.