Foto ya yaya yenye tulituma Kalemie

“Mama, mi sikumugeuza yaya mutoto,” nilimuambia. “Nilimusafisha tu, na ni ye mwenyewe aliomba nimufanye muzuri.”

Mama alikuwa anachagua maharagi, hata kichwa hakuinua. Alisema muntu anasafishwaka na maji na sabuni, hapana na telefone.

Yaya, kaka yangu mukubwa, ni soudeur, anaunganishaka vyuma ku Ruashi. Iko na miaka makumi tatu na nane, na anataka kuoa binti moja wa paroisse, kanisa yetu ya hapa Bel-Air. Baba ya ule binti anakaa Kalemie, zamani alitumika ku reli, na sasa miguu inamuzuia kusafiri. Njo akaomba foto, aone kwanza sura ya mwenye anataka kumuchukulia mutoto.

Nilipiga yaya foto mu salon, chini ya ampoule, taa ya umeme, juu mi sipendi kungoja. Kisha nikaingia mu retouche, pa kutengeneza foto mu telefone. Kuna ka-barre moja: unakokota kidole, ngozi inakuwa laini. Nilikokota mpaka mwisho. Mikunjo ikaisha, alama ya moto yenye iko ku shavu ikaisha, ndevu ikabakia kama vumbi. Nikamuangazisha, nikafifisha ukuta ya nyuma. Yaya akasema sasa anafanana na muimbaji, akatuma.

Lelo jibu ilifika kupitia binti, na alikuwa analia. Baba yake alisema dot, ile mahari, hataipokea. “Niliomba munionyeshe bwana, munanitumia mwanafunzi. Huyu atakulisha, ao njo wewe utamulipia shule?”

Yaya hakunigombeza, na hiyo njo iliniuma. Alikamata telefone, akaangalia ile foto, akauliza tu:

“Ile alama ya moto, uliitoa juu ya nini? Inakusumbuaka?”

Nilisema hapana. Ni kweli, sikuwaza hata kitu, kidole njo ilipita.

Kisha nikafungua foto ya kwanza, yenye sikugusa, nijaribu kuangazisha macho tu. Ikakatala. Mwangaza ya ampoule ilimuangukia ku kichwa, macho ilikuwa mashimo mbili, na kila nikiongeza mwangaza, uso inakuwa kama majifu. Foto yenye ilipigwa mubaya, telefone haiiponeshake.

Basi kesho asubui, saa kumi na mbili, mbele yaya hajaenda kazi, nitamukalisha ku mulango ya jikoni, mwangaza ya inje imupige pembeni. Mama atashika drap mweupe, shuka ya kitanda, chini ya kidevu yake, irudishe mwangaza ku macho. Nitapunguza kivuli kidogo, ngozi sitaigusa. Mama ataangalia kwanza, kisha tutatuma Kalemie.