Kisima cha Syokau Kule Ugiriki

Syokau hajui kuogelea. Jambo hilo lilitangazwa kanisani Kathonzweni, Jumapili ya kumuaga, na aliyelitangaza ni Nzilani, mwenyekiti wa akina mama, mtu ambaye hawezi kukuombea kabla hajakusema.

"Huyu Syokau, Mama Muli, anaenda kupika ndani ya boti, baharini, huko Ugiriki," alisema Nzilani mbele ya watu wote. "Na maji mengi zaidi aliyowahi kuona ni yale ya tangi la shule. Mungu amtangulie, na ampe kitu cha kushikilia."

Watu wakacheka. Syokau akasimama, akajifunga leso vizuri, akajibu, "Asante mwenyekiti. Nikirudi nitakuletea samaki. Nikizama, wewe baki na ile sufuria yangu uliyoazima tangu Pasaka."

Safari yenyewe ilianzia mji mdogo wa Salama. Miaka kumi na mitano Syokau alipika katika hoteli moja ya kando ya barabara, na Mahamud, mwenye malori ya ng'ombe, hakuwa anapita bila kusimama hapo kula. Siku moja akamleta mkewe, Mulki. Mulki ni mwanamke asiyesifu chakula cha mwenzake, lakini siku hiyo aliomba chapati ya tatu. Mwezi haukuisha, Syokau alikuwa jikoni kwao Nairobi. Basi familia ilipoamua kuwapeleka watoto watatu kutembea visiwa vya Ugiriki kwa boti ya matanga, siku kumi, Maano, binti mkubwa wa miaka minane, aliuliza swali moja tu: "Na chapati atapika nani?"

Boti ilikuwa nyeupe pe, mlingoti mrefu kuliko ule mnara wa simu wa Kathonzweni. Kuzunguka pande zote ilifungwa wavu ili watoto wasichomoke, na kila mtoto alipewa jaketi lake la kuelea. Asubuhi walisafiri saa mbili au tatu, kisha wakatia nanga penye maji matulivu. Watoto wakaruka majini, wakala, wakalala, na jua likipoa wakashuka kijijini kununua mkate na nyanya. Maisha ya raha kabisa. Syokau alitapika siku ya kwanza. Siku ya pili tumbo lilichoka kubishana.

Shida ilikuwa kapteni. Lefteris aliitwa, mzee wa ndevu nyeupe, aliyemtazama Syokau kama mzigo uliopakiwa kwa makosa. Siku ileile ya kwanza alitoa kanuni yake, Mulki akitafsiri.

"Maji ya tangi yako mikononi mwa mpishi. Yakiisha kabla hatujarudi bandarini Jumamosi, mpishi anashuka. Nina mpwa wangu anayejua kupika."

"Muulize tangi ni la lita ngapi."

"Mia nne."

"Na watu ni saba?" Syokau alicheka mpaka mzee akakunja uso. "Mama Maano, mwambie kwetu lita mia nne ni za ukoo mzima, pamoja na punda."

Kweli, aliyalinda. Maji ya kusuuzia vyombo vya asubuhi ndiyo yaliyoanza kuosha vya mchana. Siku moja kapteni aliona beseni la maji hayo, akayamwaga baharini akidhani ni uchafu uliosahauliwa. Syokau alimfokea kama mtu aliyemwaga maziwa ya mtoto. "Wewe mzee! Nani amekutuma?" Alisema kwa Kikamba, lakini Lefteris alielewa, maana akarudisha beseni mahali pake kwa mikono miwili. Siku ya nne tangi bado lilikuwa na maji zaidi ya nusu, na kapteni alikuwa anagonga saa ya kipimo kwa kidole, akifikiri imekufa.

Kisha upepo wa kaskazini ukaja. Walikimbilia ghuba moja isiyo na nyumba wala barabara, mawe na mbuzi tu. Kapteni akasema hapo watakaa siku tatu. Kesho yake asubuhi Maano alitoka kuogelea, akajisuuza chumvi kwa bomba la maji ya tangi lililo nyuma ya boti, akasikia wadogo zake wakiitana, akakimbia. Bomba akaliacha wazi. Kufikia chakula cha mchana pampu ilikuwa inakohoa hewa. Zilibaki chupa kumi na mbili za maji ya kunywa, basi.

"Ni mimi, aunti," Maano alilia, amejificha nyuma ya leso ya Syokau. "Ni mimi niliacha."

Kapteni alisema ataita kwa redio. Upepo ukilegea boti nyingine italeta maji, na itaondoka na mpishi.

"Lakini ni mtoto aliyefungulia!" Mahamud alipandisha sauti.

"Mtoto ni mgeni wangu. Mpishi anajua kanuni."

Syokau tayari alikuwa anamwona Nzilani amesimama kanisani, ameshika maikrofoni, anaanza na maneno "Bwana asifiwe, mwenzetu amerudi mapema." Aligeuza uso asimwone zaidi, akatazama nchi kavu. Na hapo akaona kitu. Kati ya vilima viwili korongo la mchanga lilishuka mpaka ufukweni, kavu kama majivu, ila kandokando yake vichaka vilisimama kijani kibichi, vimejaa maua ya rangi ya waridi.

"Ule ni mto," alisema.

Kapteni alipoambiwa alicheka. "Haujaona maji tangu Aprili."

"Mwambie sijasema una maji. Nimesema ni mto."

Walivuka wote, watoto na kapteni pia, kwa kamtumbwi ka mpira ka boti, Syokau ameshika kamba kwa mikono yote, macho ameyafunga, sufuria ameibana katikati ya magoti. Kwa haraka ya kumkomesha mzee alichimba palepale karibu na ufuko. Maji yakaja mbio. Maano akaonja, akatema. Chumvi tupu. Kapteni akaketi juu ya jiwe, akawasha sigara, ameridhika.

Syokau akajipa pole mwenyewe. Akaacha kuchimba, akapanda korongo polepole akitazama chini, mpaka akafika mahali mwamba umekatiza mto kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kama kizingiti cha mlango. Akasimama. Kwao Kathonzweni akina mama walibeba mawe miezi mitatu kujenga ukuta kama huo, ili mchanga ujae nyuma yake na maji yajifiche ndani ya mchanga. Hapa ukuta ulikuwa umejengwa na Mungu, bila harambee.

Akapanda hatua kumi kupita ule mwamba, akapiga magoti mchangani. Sufuria ikachota, Maano akasaidia na kijiko cha plastiki cha kuchezea mchanga. Mkono ulipozama mpaka begani, mchanga ukageuka rangi, ukawa baridi. Halafu maji yakaanza kujikusanya, kidogo, bila kelele. Syokau akayatoa yale ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, akangoja yatulie. Kisha akaonja.

"Aiya!" alipiga kelele mbuzi wakatimka. "Ni matamu!"

Lefteris alikuja na kikombe chake mbio. Syokau akakizuia kwa kiganja. "Kwanza watoto. Halafu Mama Maano na mzee wake. Wewe shika foleni, kisimani hakuna kapteni."

Mulki alitafsiri neno kwa neno, hakuacha hata moja. Kapteni akashika foleni.

Siku mbili walichota, wakachuja kwa leso, wakachemsha. Mitungi yote ilibebwa na Lefteris, na hakuna aliyemwamuru. Redio haikuita mtu. Jumamosi waliingia bandarini kila mtu ameoga, kuna hata maji ya chai, na mpishi amesimama mbele kabisa ya boti, jaketi limefungwa mpaka kidevuni. Kabla hawajaagana kapteni alitandaza ramani yake, akaweka alama pale ghubani, akamuuliza Syokau mahali hapo paandikwe jina la nani.

"Andika Kwa Syokau," alisema. Mzee akaandika kwa herufi za kwao, akamshikia ramani apige picha kwa simu.

Picha ilionyeshwa kanisani Kathonzweni, simu ikapita mkono kwa mkono. Nzilani aliitazama muda mrefu, kisha akainuka.

"Mjue ule ukuta tuliojenga, msimamizi nilikuwa mimi," alisema. "Kwa hiyo aliyemfundisha ni mimi."

"Ni kweli kabisa, mwenyekiti," akajibu Syokau, akimkabidhi samaki mkavu aliyefungwa kwa gazeti la Kigiriki. "Sasa lete sufuria."