Mtaja Vyakula Aliyekatazwa Kusema

Saa nne asubuhi, jua limekwisha kuruka ukuta wa ua, na wanawake walioketi juu ya ndoo zilizopinduliwa wanamenya vitunguu. Wanasengenya, wanacheka, wanapiga chafya na kufuta machozi kwa viwiko. Mmoja tu ndiye asiyesema. Amejifunga kitambaa shingoni ingawa joto ni kali, na kisu chake kinakwenda upesi kuliko vya wenzake, kwa kuwa hakisimamishwi na mazungumzo.

Fundi seremala anasimama langoni, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Redio, dada yangu, njaa inauma. Leo tule wapi?"

Mwanamke huyo anayatazama mabeseni yaliyopangwa ukutani, kila moja la hoteli yake. Kisha anainua kisu na kuelekeza ncha upande wa kushoto wa barabara.

"Na kule ghorofani, kwenye feni?"

Anatikisa kichwa.

"Haya, asante. Mungu akurudishie betri."

Mwenye ua, anayejulikana kwa wote kama Mama Vitunguu, anakohoa kikohozi kisicho cha mafua. "Redio, nimeona."

Redio anachukua kitunguu kingine. Daktari amemkataza kusema, na amemkataza hata kunong'ona.

Kwa miaka mingi mwanamke huyu alisimama mlangoni mwa hoteli moja ya chakula, mkabala na ofisi za serikali na karakana za magari, kitambaa cha kufutia meza begani, akiwatajia wateja kilichopikwa. Wageni wa jiji waliokuwa hawajui wale wapi walielekezwa kwake: nenda pale, msikilize yule mama, utakula vizuri. Alivitaja vyote kwa pumzi moja, wali hadi supu, na hapo ndipo alipopata jina la Redio.

"Sasa mimi ndiye spika yake," anasema mdogo wake, muuza mitumba ambaye huacha biashara yake kila anapohitajika kumsemea. "Dada yangu alikuwa akifungua kinywa, watu wanashuka mpaka kwenye magari ya..."

Redio anagonga ndoo kwa mpini wa kisu.

"Haya, nimetia chumvi. Lakini walikuwa wanakuja, hilo hutakataa."

Redio hagongi.

Kazi ya kutaja vyakula, anaeleza mdogo mtu huku dada yake akimsahihisha kwa ndoo, ina mpango wake. Kinachotajwa kwanza kimetoka motoni sasa hivi. Cha katikati ni cha asubuhi. Chakula kilicholala hutajwa mwisho kabisa, upesi, huku msemaji akitazama meza badala ya uso wa mteja. Wateja wa siku zote waliuelewa mpango huo bila kufundishwa, nao waliagiza kilichotangulia wakifumba macho. Tajiri wa hoteli alitaka jambo moja tu: kisiachwe kitu. Na Redio hakuacha kitu. Alipanga tu.

Kikohozi kilianza pale jiko la mkaa lilipobadilishwa likawa la maranda, ambayo ni rahisi zaidi na yana moshi zaidi. Sauti ikaanza kukwaruza. Wateja wakamtania: "Redio, leo umeshika stesheni gani?" Akacheka nao, akanywa tangawizi, akaendelea. Alipofika hospitali, daktari alimwonyesha picha ya uvimbe kwenye nyuzi za sauti, akampa masharti: miezi mitatu ya kimya kabisa, kisha wataangalia kama upasuaji unafaa.

"Akamwambia kunong'ona ni kama kukimbia na mguu uliovunjika," anakumbuka mdogo wake. "Kwa hiyo hata nyumbani tukawa tunaongea kwa vidole. Mwanangu anadhani ni mchezo."

Tajiri hakumfukuza. Alimpunguzia ujira nusu, akampa kazi ya kubeba sahani, na ukutani akatundika ubao wa vyakula. Mchora vibao aliupamba vizuri. Neno NYAMA aliliweka juu kabisa, kwa sababu linapendeza kwa herufi kubwa. Mengine akayashusha kwa kadiri yalivyompendeza.

Hakuna aliyeona kosa. Lakini watu waliokuwa wamezoea kwamba cha kwanza ndicho cha motoni waliingia, wakainua macho, wakaagiza cha kwanza.

"Miaka yote nimekula cha kwanza," anasema yule seremala. "Ningejuaje kwamba ubao unapanga kwa uzuri wa herufi?"

Siku iliyobadili mambo, umeme ulikuwa umekatika tangu jioni iliyotangulia. Nyama ya jana ilikuwa imelala ndani ya friji iliyozimika. Asubuhi mpishi aliinusa, akamtazama tajiri. Tajiri akatazama pembeni. Mpishi akakamua ndimu, akaongeza pilipili, akairudisha motoni.

Redio alitoka jikoni na sahani mikononi, akamkuta seremala amekwisha kuhudumiwa na mhudumu mwingine. Alimtikisia kichwa. Seremala akadhani anataniwa.

"Nini, dada? Nyama siku hizi ni ya wakubwa peke yao?"

Kijiko kilikuwa kimefika mdomoni. Redio aliweka sahani chini, akapiga ukelele ambao, kwa maneno ya seremala, ulisikika kama bati linalochanwa:

"Hiyo imelala! Acheni kula!"

Seremala akatema. Wengine wakasukuma sahani, wengine wakacheka wakaendelea kula. Redio alikwenda nyuma, akainamia sinki, akatema mate yenye damu.

Kwenye meza ya dirishani, karani wa ofisi ya jirani alikuwa amekwisha kumaliza sahani yake. Jioni alipelekwa hospitali, na baada ya siku chache alifia wodini. Ndugu zake walimzika bila kuuliza mengi. Alikuwa na vidonda vya tumbo vya siku nyingi, na vidonda hivyo ndivyo vilivyobebeshwa lawama.

Tajiri, alipoulizwa, alijibu bila kusita: "Nyama ilikuwa nzima. Mimi mwenyewe niliila." Mpishi wake, aliyekuwa nyuma yake, aliinama kama anayefunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Redio alifukuzwa siku ileile ya ukelele. Alizunguka hoteli zote za mtaa ule akiwa na mdogo wake wa kumsemea, na kote walipata jibu la aina moja.

"Wanasema ana mdomo," anasema mdogo wake, na anacheka kicheko kisichofika machoni. "Mtu hawezi kusema hata maji, wanamwita mwenye mdomo! Lakini si kazi inayomnyima usingizi. Ni yule karani. Alimpita na sahani mara mbili kabla hajapiga kelele. Mara ya kwanza alikumbuka daktari. Ya pili, tajiri alikuwa anamtazama."

Kisu kimesimama. Redio hagongi ndoo.

Hapa uani ujira ni wa gunia. Magunia mawili kwa siku yanatosha kodi ya chumba na unga, sukari haimo. Macho yanavimba, vidole vinachubuka, na harufu hailali nje mtu anapoingia kitandani. Lakini kazi hii haihitaji kinywa, na imempa Redio jambo ambalo hakulitafuta. Hoteli inayopika leo huagiza vitunguu leo. Ambayo beseni lake limekaa kavu tangu jana inapasha moto viporo. Anayekaa kwenye ndoo hii anajua jiji litakula nini kabla jiji halijaona njaa.

Habari zikaenea kwa mafundi, kisha kwa makarani. Wanapita langoni, wanauliza, na kisu kinawajibu.

Mama Vitunguu hafurahii. "Simchukii, tena namhurumia," anasema akihesabu mabeseni. "Lakini hoteli hizi ndizo zinazonilisha. Wakijua mabeseni yao yanasomwa barabarani, watahamia ua mwingine, na hawa wote watalala njaa kwa ajili yake. Nimempa mpaka mwisho wa mwezi. Mdomo uliponza kichwa. Huyu anataka mkono nao uponze tumbo."

Wenzake kwenye ndoo wanainamisha vichwa. Hakuna anayemtetea, na ni vigumu kuwalaumu.

Hospitali nako hakuna faraja. Ukelele ule ulipasua mahali palipokuwa pakipona. Daktari amekata kipande cha uvimbe kukipeleka kupimwa, na majibu hayajarudi. Ameieleza familia waziwazi kwamba hata yakiwa mema, kisu cha upasuaji huenda kikaondoka na sauti.

Karibu na saa sita, kijana mwenye shati la ofisini anafika langoni. Ni mfanyakazi mwenza wa yule karani aliyekufa. Waliketi meza moja kazini.

"Shikamoo mama. Wameniambia nikuulize wewe. Leo nile wapi?"

Mama Vitunguu anaacha kuhesabu. Redio anamtazama mwajiri wake kwa muda, bila ujeuri, kama anayeomba radhi mapema. Kisha anainua kisu, anaelekeza kushoto, na kwa mkono mwingine anaipiga marufuku hoteli ya ghorofani.

"Marahaba, mwanangu," mdogo wake anamwitikia kwa niaba yake. "Kushoto. Wahi, watu ni wengi."

Wanapogawana mkate kivulini, mdogo mtu anaeleza mpango wa dada yake, sauti irudi au abaki bubu. Ni biashara ya chungu kimoja, kibarazani pa chumba chao, na chakula kimoja kwa siku. Asiyekitaka apite. Kikiisha, amefunga.

"Ila tunagombana juu ya chungu," anasema. "Mimi nataka kikubwa. Kidogo hakilipi, dada!"

Redio anaweka mkate magotini, ananyoosha viganja hewani kupima upana wa chungu chake. Mdogo wake anavishika na kuvitanua. Redio anavirudisha palepale, upana wa chungu ambacho watu wake watakimaliza mchana, kisilaze hata kijiko.